Kiti cha Kushoto

Niliponunua pikapu ndogo ya umeme, kijiji kizima kilinicheka. Walisema ni jokofu lililowekewa magurudumu. Tokuji, jirani yangu wa nyumba ya chini, aliizunguka, akaipiga teke tairi, akaniuliza, "Kaka Kanehira, hii ukiiacha juani si itayeyuka?"

Nikamwambia afadhali iyeyuke kuliko kunuka moshi kama ya kwake. Kituo cha mafuta cha mwisho bondeni kilikuwa kimefungwa, na kupanda mlima kwenda mjini kujaza tangi, kisha uurudie mlima uleule ukiyamaliza mafuta yenyewe, ni upuuzi ambao sikuwa na umri wa kuufanya. Hata hivyo si mimi niliyeichagua. Ni mke wangu, Hatsue. Aliipendea udogo wake. Inapita juu ya tuta la shamba la mpunga bila kumega hata udongo, na ndani mnakaa wawili mmebanana, bega kwa bega.

Baridi iliyofuata Hatsue alifariki.

Nyumba yetu ilijengwa na babu, na babu alikuwa mtu wa sifa. Vyumba vinane! Kila mlango ninaousukuma namkosa mke wangu humo: jikoni namkosa, sebuleni namkosa, hata stoo ya maboga namkosa. Kwenye pikapu namkosa mahali pamoja tu, kiti cha kushoto. Upweke wa kiasi hicho niliumudu. Basi nikahamia humo. Asubuhi naondoka na sufuria ya umeme, naichomeka kwenye soketi ya pikapu yenyewe, wali unaiva kando ya shamba. Nakula nikiwa nimekaa nyuma ya usukani, na namsimulia Hatsue nani kaugua na nani kahama.

Binti yetu Chinatsu alikuwa akipiga simu kutoka Osaka.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula wapi?"

Hapo namwambia mtandao unasumbua.

Sasa, kabla ya kupanda mpunga, kila nyumba hutoa mtu wa kusafisha mfereji wa maji. Tunaegesha pikapu zetu kwenye uwanja wa hekalu, zote nyeupe, zote ndogo, na ufunguo tunauacha palepale, maana nani ataiba na wezi wenyewe walishahamia mjini? Zamani hapakupita mwaka bila mtu kuondoka na gari la mwenzake. Ilikuwa kichekesho cha mwaka mzima. Mmoja aliwahi kwenda na mbuzi wa watu.

Mwaka huu tulichimba tope, tukala matonge ya wali na chai, tukaagana. Njiani nikamweleza Hatsue jinsi nyumba zilizotoa watu zilivyopungua, na jinsi Tokuji alivyoteleza akakalia tope, akasingizia kiuno. Nilicheka peke yangu kona zote za mlima. Nilipofika nyumbani nikanyoosha mkono nyuma ya kiti nichukue sufuria yangu, sikuikuta. Nikageuka kushoto. Kitini palikuwa na msumeno wa injini na suruali ya tope ya Tokuji.

Nikaacha mikono juu ya usukani, siwezi kushuka.

Tokuji alifika na pikapu yangu, akaanza kucheka hata kabla hajafungua mlango.

"Mwizi we! Nimekukamata leo! Nikuitie polisi au utalipa kwa maboga?"

Nilijaribu kucheka naye. Ndipo nikamwona anapunguza kicheko, kidogokidogo, mpaka kikaisha. Akaitazama pikapu yake kuukuu, inayonguruma mpaka madirisha ya watu yanatetemeka.

"Kaka," akasema, "klachi ulikanyaga?"

"Nilikanyaga."

"Na gia ukabadilisha?"

"Zote. Njia nzima."

Pikapu yangu haina klachi. Haina gia za kubadilisha, wala haingurumi. Mtu aliyekosea kati ya magari mawili ya petroli ni mzembe tu. Lakini mimi nilikuwa nimeendesha mlima mzima kwa miguu ya miaka ya nyuma, katika makelele yale, sikushtuka.

Tokuji akachutama, akajifanya anakagua tairi.

"Mimi sikuona kitu," akasema. "Hata Mitsuyo simwambii, na unamjua mke wangu, nikimficha jambo hunusa. Tulichoka wote. Basi."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Achana na methali, mzee! Bila gari huku juu utaishi vipi?"

Mimi nilikuwa nikiwaza mambo mabaya zaidi. Kijijini tumebakiwa na watoto wawili, dada na mdogo wake, na wote wawili hurudi kutoka shule kwa njia ileile, kwenye kona ileile niliyoipita nikicheka. Sikukumbuka kama niliwaona. Nilijikamua akili usiku kucha, sikukumbuka hata kidogo.

Nilifikiria kuirudisha leseni na kuibakiza pikapu uwanjani kwangu, niwe nakaa ndani yake tu. Lakini najijua. Ufunguo ukiwa karibu na Hatsue akiwa kushoto, siku moja ningesahau kwamba nilishaacha kuendesha. Nikampelekea polisi leseni. Pikapu nikamwambia Tokuji aje aichukue.

Alikuja kwa miguu. Aliinama mara nyingi mno, kama yeye ndiye mwenye kosa.

"Nitaitunza, kaka. Na sokoni tutakuwa tunaenda wote."

"Chukua uende," nikamwambia, kwa ukali, kwa sababu macho yalikuwa yananisaliti.

Nikaipa mgongo, nikautazama ukuta wa ghala. Sikutaka kumwona mtu mwingine kwenye usukani ule. Nilikuwa nimeshapanga: nikisikia gari linaanza kuondoka, nitageuka, nimuage Hatsue vizuri, nimwinamie kama inavyopasa. Maneno yake nilikuwa nayo tayari. Nikasubiri. Nikadhani Tokuji anahangaika na mkanda. Nikasubiri tena. Nikadhani naye analia.

Simu ikalia mfukoni.

"Kaka, nimefika. Nimeshaichomeka kwenye umeme."

"Umefika wapi?"

"Nyumbani, wapi tena?"

Nikageuka. Uwanja ulikuwa mtupu. Mara ya kwanza Hatsue aliniondokea hospitalini, mimi nimeshuka chini kununua chai. Mara hii nilikuwa nimesimama naye uwanja mmoja, na bado sikumuaga.