Kitambaa Cheupe cha Sista Celestine

Sista Celestine alikuwa muuguzi katika wodi ya korona huko Kisumu, na wiki ile kichwa kilimgonga kama bati mikononi mwa fundi. Hakumwambia mtu. Muuguzi akitamka tu kwamba anaumwa kichwa, alipimwa na kufungiwa chumbani mpaka majibu yatoke, na majibu siku hizo yalikuwa yanajikokota. Jumamosi wageni walikuwa wanakuja kwake Sondu kwa ayie, siku ambayo watu wa mume humwomba mama wa msichana idhini. Baba yake Lorine, binti aliyekuwa akiposwa, alishatangulia kwa Mungu. Mama asipokuwepo, nani atakubali?

"Bwana Yesu," aliomba akivaa, "korona isiwe. Na kama ni kichwa tu, nishikie mpaka Jumapili."

Kisha akamsaidia Bwana kidogo. Mama yake na nyanya yake, kichwa kikiwauma, walikifunga kitambaa na kukaza. Basi akachukua kitambaa chake cheupe cha kanisani, akakikaza juu ya nyusi, akapiga fundo. Juu yake kofia, mikanda ya barakoa, miwani ya plastiki, na hudi iliyoshonwa kwenye vazi la kujikinga. Kichwa kikazidi. Kesho yake akakaza zaidi.

"Mama Lorine," aliita Waswa, muuguzi mwenzake asiyepumzisha mdomo, "mbona unatembea kama umebeba mtungi?"

"Hiyo ni heshima. Wewe utaijulia wapi?"

"Na hayo machozi?"

"Ya furaha, mtoto wangu anaolewa. Kapime presha za wagonjwa, uache kunipima mimi."

Alhamisi, akiinama kubadilisha dripu ya Mzee Ogola, wodi ikazunguka. Akashika kitanda. Mzee, na mrija wa oksijeni puani, akamtazama kwa huruma.

"Sista, nikusogezee nafasi ulale?"

Daktari Baldev akasikia. Alikuwa Singasinga mzaliwa wa Kisumu, kilemba cha buluu, na Kijaluo chake kiliwanyamazisha hata wauza samaki. "Mama, twende chumba cha kuvulia mavazi."

Hudi ikatoka, miwani ikatoka, barakoa na kofia vikatoka. Kikabaki kitambaa. Fundo likagoma. Waswa akaleta makasi.

"Thubutu! Hicho ni cha kanisa!"

Daktari akalifungua kwa vidole. "Nani alikufundisha kukaza hivi?"

"Mama yangu."

"Akishakaza alikuwa anafanya nini?"

Celestine akafikiri. "Analala."

"Basi! Mimi nafunga kichwa tangu utotoni, Mama. Nikikosea asubuhi, saa sita nagombana na kila mtu."

"Kumbe ndiyo sababu," akasema Waswa.

"Ningesema, mngenifungia," Celestine akaeleza, macho chini. "Na Jumamosi nina ayie."

Waswa akakohoa. "Hata mimi kinaniuma tangu Jumatatu." Mlangoni, wauguzi wengine wawili wakainua mikono polepole, kama watoto wa shule.

"Wodi nzima mnafichana vichwa!" Daktari akashangaa. "Maji mmekunywa?" Nani anywe maji, na vazi lile halikuruhusu hata choo?

Wote wakapimwa. Celestine akafungiwa na Biblia na jagi la maji, nywele wazi. Kufikia jioni kichwa kilikuwa chepesi, lakini moyo mzito. Ijumaa alasiri Waswa akagonga dirisha, akicheza kama mtu wa kwaya: hakuna mwenye korona.

Jumamosi wageni wachache wakaketi mbalimbali uani Sondu, wamevaa barakoa. Celestine alikuwa na kitambaa chake cheupe, kimefungwa kwa ulegevu, na vifungo viwili vya koti vimeshonwa kando, mikanda ya barakoa ikining'inia hapo badala ya kukata masikio. Daktari ndiye aliyemwonyesha, kwa vifungo alivyoshonea kilemba chake mwenyewe.

Shangazi wa bwana harusi, Mama Waliaula, alikunja uso tangu kufika. Kitenge kilipanda kichwani mwake kama mnara. Jamaa wakaanza kunong'onezana: hampendi binti yetu?

Celestine akamwinamia. "Mama, ni kichwa?"

"Tangu tupite Mamboleo," shangazi akanong'ona. "Usiwaambie, watasema ni korona."

Celestine akaingiza vidole viwili chini ya kitenge, akalegeza. Shangazi akashusha pumzi, macho yakacheka.

"Haya, mama wa Lorine. Unatukubalia?"

"Mimi nilikubali zamani," akasema Celestine. "Kichwa tu ndicho kilikuwa kinakataa."