Mpaka Mwisho wa Foleni

...wala hakuna aliyemtuma, kajitakia mwenyewe, mdomo uliponza kichwa, Tusekile anajisema huku ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, kiatu kimoja kimelegea, kamba mkononi, moyo unamdunda mpaka masikioni, maana nesi Raudha alimwambia wazi kule zahanati, mama, sukari yako imepanda, anza na kutembea dakika kumi na tano kwa siku, ukizoea utaongeza, naye, mtoto wa kijiji cha Iyula aliyekuwa akiwaacha wavulana nyuma kwenye mbio za shule, akaona dakika kumi na tano ni za wagonjwa, akaapa kukimbia kila asubuhi mpaka mwisho wa foleni ya malori na kurudi... na wiki ile ya kwanza malori yalikuwa yakivuka mpaka upesi, foleni inaishia kwenye kituo cha mafuta hapo tu, akarudi kifua mbele, akawaringia wauza vitenge wenzake, jamani mimi bado mbichi... nani alimtuma kupima nguvu zake kwa kitu chenye magurudumu? Leo malori yamelala pua kwa mkia, ameyahesabu mpaka arobaini akaacha, na dereva mmoja, Athuman wa Tanga, aliyekwama hapo siku ya tatu sasa, anachemsha chai kando ya tairi na kumwambia kitu, Mpemba, amesikia Mpemba, foleni imefika kijiji cha Mpemba, mbali huko, karibu chai mama... yenye sukari, bila shaka, yeye na sukari, mama yake naye na sukari, iliyoanza na kidonda kidogo cha kidole, wakasema kitapona, ukakatwa mguu, ukabaki mmoja, na kabla ya mwaka kuisha wakamzika kule Iyula kwenye mvua. Akirudi nyumbani sasa hivi, kesho hataamka, anajijua, ataweka viatu chini ya kitanda na visingizio juu yake... na ubaridi huu, ukungu huu, ni ule ule wa Juni, msimu wa kahawa, yeye na ndoo ya buni mbivu kichwani, maji mekundu yakimchuruzika shingoni, mama yake, Ferista, mbele na gunia, wanakwenda kwenye mashine ya kumenya buni ng'ambo ya kilima, ee Mungu, harufu ile, angetoa nini ainuse tena nyuma ya mgongo wa mama yake, naye analia kwamba mashine iko mbali, na mama hageuki, anasema tu, mimi siendi mashineni, naenda darajani, na wakifika darajani wanatua mizigo, wanakaa, kisha, sasa naenda kwa mzee Gwalugano, na kwa mzee Gwalugano wanatua tena, wanapewa maji kwenye kata... miaka yote hii Tusekile amewasimulia watu kwamba mama yake alikuwa chuma, hakuchoka, na yeye kamrithi, kumbe alikuwa akitua kila mahali, alikuwa akihema, mbona anaisikia sasa ile pumzi, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amechoka hoi, na hakuna siku alikwenda mashineni, alikwenda darajani tu. Machozi yamemjaa, hayafuti, yanachanganyika na jasho, nani atajua.

"Mama," Athuman anarudia, kikombe mkononi, "ndiyo unafika Mpemba, au unarudi?"

"Naenda kwenye nguzo ile ya umeme, baba."

"Ile ya karibu?"

"Ile ile."

"Halafu?"

"Halafu nakaa." Anasema bila aibu yoyote, na anashangaa kwamba hana aibu, foleni haijasogea hata lori moja, kamba bado iko mkononi, anaitafutia tundu lake taratibu.