Sungura Aliyepoa Upesi

Mama mdogo anauza vitabu vya watoto dukani, na tangu mama afe ananiletea vitabu vya huzuni. Kila Jumamosi, kimoja. Tembo aliyefiwa. Bata aliyeachwa. Kobe mwenye majonzi. Nina miaka kumi na minne, jamani! Nilimuuliza kwa nini kila anayelia humo lazima awe na mkia, akasema wateja ndivyo wanavyopenda.

Mimi kobe wa nini? Nilichotaka ni kitu kimoja: mtu wa kumlilia mama pamoja naye. Nyumba hii tumebaki wawili tu, mimi na huyu mdogo wake mama, na tangu tulipotoka makaburini hajamtaja. Chozi hajatoa. Akirudi kazini anaosha vyombo, akimaliza anaviosha tena, na redio inapiga kelele. Mimi nalala uso ukutani, nasikia sufuria zikigongana. Nilishaamua moyoni kwamba mwenye kumkumbuka mama nimebaki peke yangu.

Na wageni nao! Wanaingia, wanavua viatu, wananishika kichwa. "Pole, mwanangu." Jibu lake sote tumefundishwa: "Asante, nimeshapoa." Usipolitoa, huna adabu. Basi nalitoa. Muuza mkaa, pole. Mwalimu wa hesabu, pole. Jirani wa juu, anayeongea mpaka chai inaingia utando, pole, na "kazi ya Mungu haina makosa" juu yake. Nimeshapoa, nimeshapoa. Nimedanganya mpaka nimejichoka.

Jumamosi iliyopita kaja na sungura. Mama mdogo hauzi kitabu ambacho hajakisoma kwa sauti, kwa hiyo akakaa kwenye kochi, viatu bado mguuni, akaanza kwa ile sauti yake ya dukani. Sungura kafiwa na mama yake ukurasa wa tatu. Ukurasa wa tano majirani wamefika: pole sana, Sungura. "'Asanteni,' akajibu Sungura huku akitabasamu, 'nimeshapoa.'" Huyoo, kaenda kucheza mpira.

"Mwongo huyo!" nikapaza sauti.

"Sungura tangu lini akasema kweli?" Mama mdogo hata macho hakuinua.

"Sitanii. Kafiwa juzi, leo kapoa? Kwani yeye uji? Mimi sijapoa, mama mdogo. Hata robo sijapoa. Na wewe unamsoma kama unatangaza sabuni."

Akafunga kitabu. Nikangoja kofi, au ile "jikaze, umeshakuwa mkubwa." Akageuza macho jikoni, nikajua anakimbilia vyombo vyake. Hasira zikanipanda, nikamkazia macho, na ndipo nikamwona. Amekonda. Blauzi ya kazini inamning'inia mabegani. Nikawakumbuka wageni wote wale: kila mmoja alinishika mimi kichwa, kisha akamgeukia yeye na kuuliza kama maji ya kunywa yapo.

"Pole, mama mdogo," nikasema.

"Asante, nime..."

Hakulimaliza. Halafu akalia, loo, alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, kamasi na yote, akimwita mama yangu kwa jina ambalo mimi sikuwa na haki ya kumwita: "Dada! Dada yangu weee!"

Nikasogea pale kwenye kochi, nikamkumbatia, nikalia naye. Sikumwambia anyamaze. Siku zote zile nilikuwa nasubiri anifuate chumbani, na katika dunia nzima hapakuwa na mtu aliyempa pole yeye. Hata mimi, niliyekuwa nalala upande wa pili wa ukuta, sikuwa nimempa.