Kiu ya Mriga

Tunu anasinzia huku ananyonyesha, kichwani neno moja linazunguka, mriga, mriga, neno la Kisanskriti alilolisikia kwenye darasa la jioni. Mwalimu alisema maana yake ni paa, na Tunu papo hapo akajiambia, binti yangu nitamwita hivyo. Chuchu inachomoka, na mtoto hayupo. Ipo barabara nyeupe isiyo na mwisho, na mbele yake kitoto cha paa kinakimbia kwa miguu myembamba kama vijiti vya mishikaki, na Tunu anajua tu, huyo ni wake.

Anamkimbilia. Barabara inapinda, inarudi ilikotoka, inaingia mji wa vioo ambamo kila nyumba inajitazama katika nyumba ya pili, na barazani wamekaa mabwana wenye majoho, nyuso zao tupu kama sahani zilizolambwa. Shikamooni, mmemwona paa? Paa! anacheka wa kwanza. Msikieni msomi wa jioni! Zamani, bibie, mriga alikuwa mnyama yeyote wa porini, hata tembo, mriga mwenye mkono, kwa ajili ya ule mkonga. Wa pili anasonya. Tembo na nini, neno limetoka kwenye kuwinda, mriga ni msakwa. We mwanamke, umempa mwanao jina la kitoweo! Wanacheka, na vioo vinacheka, na kitoto kinapita tena, ulimi nje, kinayafuata maji yanayometameta mwisho wa barabara, na kila kikisogea, maji nayo yanasogea.

Hayo si maji, anasema wa kwanza, ni mazigazi. Kwa lugha yetu ni kiu ya mriga. Tamu, sivyo? Atakimbia mpaka afe. Na ninyi mnamtazama tu? anauliza Tunu. Tunamfafanua, bibie.

Tunu anawapandisha na kuwashusha kwa macho. Kumbe ndio ninyi, anasema. Majoho yote hayo, na hata kata ya maji hamna. Mnajua kiu inavyoitwa, kuikata hamjui. Anatema mate chini, anapiga magoti katikati ya barabara, anafungua vifungo vya blauzi, anaita kwa ule mlio wa ulimi anaomwamshia mwanawe kila alfajiri. Paa anasimama. Anageuka. Aibu, wanapiga kelele mabwana, mnyama huyo! Anakuja, pua baridi, ananyonya kwa pupa, na maji ya uongo yanakauka, na mji unazimika kioo baada ya kioo, na majoho yanabaki barazani bila mtu ndani.

Anaamka. Mtoto amelala kwapani, midomo mikavu. Titi lililokuwa limejaa hadi kuuma ni jepesi, tupu kabisa, na kwenye kanga umenasa unywele mfupi wa kahawia. Tunu anamhamishia titi la pili. Haya, Mriga, amka unywe, mama, ananong'ona, na anapiga ule mlio wa ulimi. Mtoto anafumbua macho. Na nje ya mlango, kwato ndogo zilizokuwa zinatokomea zinasimama.