Fahali wa Mifupa

Mwalimu Peres alikuwa amebakiwa na tumaini moja tu, nalo lilikuwa fahali wa mifupa. Mwalimu mkuu, Bwana Mbugua, alishamwambia peupe: kazi ya shule isipopita kwenye maonyesho ya mjini, chumba cha sanaa kinageuzwa stoo. Watoto wanahitaji hesabu, alisema, kuchora watachora nyumbani. Peres aliitikia, maana mkubwa ni mkubwa, lakini moyoni alimtukana vilivyo.

Fahali huyo alitengenezwa na Nyawira, msichana wa gredi ya tisa. Mama yake, Muthoni, huuza supu kwenye kibanda karibu na kichinjio cha Dagoretti, na nyuma ya kibanda hicho ndiko mtoto alikookota mifupa, akaichemsha, akaianika, akaisugua kwa msasa hadi ikang'aa. Muhula mzima alihangaika na shingo tu. Ikianguka, anaanza upya. Hatimaye shingo ikakaa, imeinama kidogo, na ukimtazama yule fahali ulijua kabisa kwamba ameshasikia harufu ya damu na anajua anakopelekwa. Peres alipomwona mara ya kwanza alilia, wala hakuona haya.

Siku ya maonyesho ukumbi wa mjini ulijaa pomoni. Nani asiyeujua mchezo wa projekti? Mwalimu anaagiza, mtoto anasahau, mzazi anatafuta fundi. Zililetwa nyumba za mbao zenye taa, zikaletwa ndege zinazonukia rangi mbichi, na akina mama wa mitaa ya kitajiri ya Karen na Westlands wakasimama kando wakisifu mafundi wao kama watu wanavyosifu madaktari. Wao kwa wao, lakini. Jaji akifika, kila mmoja anaapa ni kazi ya mtoto. Hilo Muthoni hakulijua. Alisimama katikati yao na sweta lake la kanisani, akinusa viganja kwa siri, kwa sababu moshi wa supu hautoki kwa sabuni.

Jaji, Bwana Kitonga, alipomfikia fahali alisimama. Akamzunguka. Akamzunguka tena. Peres alianza kuomba kimoyomoyo.

"Hii sasa ndiyo kazi," Kitonga alisema. "Mama, nani ametengeneza hii?"

"Nilinunua," Muthoni alijibu kwa sauti ya kusikika. "Kuna fundi wa Karen alinitengenezea. Mimi na masomo ya mtoto wangu sichezi."

"Si kweli!" Peres aliruka. "Ni mtoto! Nimemwona kwa macho yangu!"

"Madam, kila mwalimu hapa ananiambia hivyo." Kitonga alimgeukia msichana. "Ni wewe ulitengeneza?"

Nyawira alimtazama mama yake. Muthoni alikuwa bado anatabasamu, kidevu juu, kwa mara ya kwanza siku hiyo akiwa sawa na wenzake. Neno moja tu lingetosha kumvua nguo mbele ya ukumbi mzima.

"Ilinunuliwa," Nyawira alisema.

Chanda chema huvikwa pete, twaambiwa. Pete ilienda kwa nyumba ya mbao yenye taa.

Nje, Peres alimshika Muthoni mkono. "Mama Nyawira, kwa nini lakini?"

"Ningesema nini, madam? Ati mtoto wangu anang'ang'ania mifupa na mbwa? Mbele ya wale?"

"Hiyo mifupa ndiyo ingempitisha."

Muthoni aliduwaa. "Sasa mbona hamkuniambia? Nyinyi ni leta projekti, leta projekti."

Peres alimwachia mkono. Miaka yote aliyofundisha hakuwahi kumketisha mzazi hata mmoja akamweleza sanaa ni ya nini. Alidhani inajieleza yenyewe. Uchungu wa hilo haujamtoka hadi leo.

Chumba cha sanaa sasa kina madawati yaliyovunjika. Peres anafundisha hesabu, na vibaya. Wiki iliyopita alipita kibandani kwa Muthoni kunywa supu. Fahali alikuwa juu ya kabati la vikombe, mweusi kwa moshi. Mteja mmoja, Musembi, mchinjaji, alimkodolea macho akasahau kijiko.

"Ai, nani alitengeneza hii kitu?"

Muthoni aliinamia sufuria, akafungua mdomo, akaufunga. Aliyejibu ni Nyawira, akikusanya mifupa kutoka kwenye sahani.

"Ilitoka Karen," alisema, akaenda kuwatupia mbwa.