Mchezaji wa Kumi na Moja

Mimi ni seremala, mtoto wa seremala wa Nakuru, na maneno mengi si kazi yangu. Lakini habari ya Fintan Delahunty nimekaa nayo muda mrefu, na hapa mjini tunaoijua yote ni watu wawili tu.

Nilifika Birmingham Februari 1968, pamoja na Wahindi wengine wa Kenya tuliokuwa tukikimbilia Uingereza kabla sheria mpya haijatufungia mlango. Tulipanga Sparkbrook, nyumba nyembamba karibu na Ladypool Road. Mimi, mke wangu na watoto watatu tulikaa chini. Juu, chumba cha mbele alikaa nesi Mkisii, Magdalene Kerubo, na kwa sababu yake nilipata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Mwairishi mmoja mrefu, shingo nyekundu, umri wake kama miaka ishirini na minne, aliyenisalimia kwa kuinua kidole kimoja.

Jumapili moja alibisha mlangoni kwangu akiwa na gongo lililopasuka mpini.

"Nimesikia wewe ni fundi wa mbao," alisema.

Nililigeuza mkononi. Mti mweupe, mgumu, ncha yake pana kama mwiko wa kusongea ugali. Nilikuwa nimecheza hoki Nakuru tangu utotoni, nikamuuliza kama hiyo ni hoki ya kwao.

"Hoki!" alicheka. "Hii ni hurling. Mpira unaupiga ukiwa chini, unaupiga ukiwa hewani, unaudaka kwa mkono, na anayekukaba ana gongo kama lako."

Nililitia gundi na bamba la bati, likashika. Toka siku hiyo tukawa marafiki.

Nilikuja kugundua kwamba kwao alikuwa mtu wa maana. Alichezea jimbo lake, Laois, na huko kuchezea jimbo ni heshima, hakuna anayelipwa mshahara. Mara kwa mara simu ya maandishi ya kumwita ilikuja katikati ya wiki, Ijumaa jioni akapanda ndege kwenda Dublin, Jumapili akacheza mbele ya maelfu, na Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye msumeno wa karakana ya mbao alikofanya kazi, vidole vimevimba. Magdalene alimfunga bendeji akimgombeza kwa Kikisii, naye akimjibu kwa Kiairishi, wala hapana aliyemwelewa mwenzake.

Fintan ndiye aliyenipatia kazi huko. Msimamizi wa karakana alikuwa amekitazama kilemba changu, akasema nafasi zimejaa. Fintan alizima msumeno, akaja, akasema, "Mpe ubao mmoja na randa, halafu ndio useme zimejaa." Nilipewa ubao. Kesho yake nikaanza kazi.

Mwaka uliofuata, Masingasinga tuliotoka Kenya tuliunda timu ya hoki. Mwezi wa tano tulikuwa na mechi, na mmoja wetu akavunjika mguu. Nilimkuta Fintan jikoni anaosha kikombe.

"Njoo utuchezee Jumapili," nilimwambia. "Mara moja tu."

Alikisuuza kile kikombe muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Mko wangapi?"

"Kumi."

"Basi nitakuja."

Alifunga mabao mawili. Refa alimpigia filimbi kila alipoinua gongo juu ya bega, nasi tukacheka mpaka tukashika mbavu. Ilikuwa siku njema, na nimejaribu mara nyingi kuikumbuka bila kinachofuata.

Wiki tatu baadaye barua ilifika kutoka Ayalandi. Mtu alikuwa amemwona, akaandika kwao. Mchezo wao ulikuwa na sheria kwamba anayecheza hurling haruhusiwi kugusa michezo ya Waingereza, na hoki ilikuwa mmojawapo. Fintan alifungiwa mwaka mzima, wiki chache kabla ya mashindano makubwa, katika kiangazi ambacho alikuwa ameshapewa namba ya kudumu kwenye timu.

Nilipanda ngazi mbilimbili. "Ulikuwa unaijua sheria hii?"

"Kwetu hata mtoto anaijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniambia nisije."

Siku ya mechi ya Laois alisikiliza redio jikoni, sauti ikija na kupotea. Magdalene alikaa naye. Mimi nilibaki kizingitini, sikuwa na uso wa kuingia. Laois walifungwa. Alizima redio, akachukua ndoo, akaenda kuosha madirisha ya nyumba nzima, ya kwetu pia.

Mwaka 1971 sheria ile ilifutwa. Alinijia na gazeti. "Lakhbir, sasa naweza kucheza nawe bila dhambi." Alicheka peke yake. Simu za maandishi hazikuja tena. Vijana wapya walikuwa wameshika nafasi yake. Akabaki kuchezea Waairishi wa hapa Birmingham, kwenye uwanja wa matope, watazamaji hamsini wenye miavuli. Hata hivyo nilikwenda kumtazama, na nakwambia, alipodaka mpira juu ya vichwa vya watu, wote hamsini walinyamaza.

Ndipo ikaja Novemba 1974. Alhamisi jioni mabomu yalilipuka kwenye baa mbili katikati ya mji. Watu ishirini na mmoja walikufa, majeruhi walikuwa karibu mia mbili, na mji mzima ulisema ni kazi ya Waairishi wanaopigana na Uingereza.

Ijumaa asubuhi hakuna aliyewasha mashine karakanani. Waairishi kwetu walikuwa watatu. Mtu mmoja wa idara ya kupaka rangi, ambaye binamu yake alikuwa amelazwa kwa majeraha ya bomu, alipanda juu ya kreti akasema hatafanya kazi na hao watu, na anayekubaliana naye ainue mkono. Mikono ilianza kuinuka. Fintan alisimama kando ya msumeno wake, kofia mkononi kama mtu aliye mazishini.

"Na wewe, Singh?" yule mtu aliniita. "Uko upande gani?"

Wote waligeuka. Niliona macho yakipanda kwenye kilemba changu. Niliwaza watoto watatu, nikawaza jinsi ilivyo rahisi macho hayo kuhama kutoka kwake kuja kwangu. Nikainua mkono.

Fintan hakunitazama usoni. Aliutazama mkono. Kisha akavaa koti, akachukua mkate wake wa mchana, akatoka, na wale wawili wakamfuata.

Niliporudi nyumbani jioni chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Magdalene alikuwa kwenye ngazi, bado amevaa sare ya hospitali, macho yamemwiva.

"Fundi, ni kweli?"

"Dada, nina watoto."

"Tangu jana jioni niko na majeruhi. Nimewashika kwa mikono hii. Kama kuna mwenye haki ya kuchukia mtu leo ni mimi niliyewaona. Fintan amekosa nini?"

Alinipita, akafunga mlango wake taratibu, na upole ule uliniuma kuliko kama angeubamiza.

Uwanja wao wa hurling ulitiwa kufuli. Waairishi walishusha sauti kwenye mabasi, wengine wakaacha kabisa kuzungumza mbele za watu. Nani angethubutu kupita mtaani na gongo? Baadaye michezo ilirudi kidogokidogo, lakini Fintan hakurudi nayo.

Machi 1975 Magdalene alinipa anwani ya Fintan baada ya mimi kumwomba mara tatu. Alikuwa mlinzi wa ghala, mtaa wa Nechells. Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati, karibu na jiko la mafuta ya taa. Alikuwa amekonda.

"Nimekuja kuomba msamaha," nilisema.

Alipunguza utambi wa jiko.

"Siku ile ya hoki ulijua ungepoteza nini," nikaendelea.

"Nilijua. Na sijaijutia hata siku moja." Alisugua mikono yake juu ya jiko. "Hii nyingine sijui, Lakhbir. Nikikuambia nimekusamehe nitakuwa nakudanganya."

"Basi niende?"

"Mvua inanyesha. Keti."

Nilikaa hadi ilipokatika. Nilirudi Jumapili nyingine, na nyingine. Mara alifungua, mara taa iliwaka ndani na mlango haukufunguliwa. Mwaka 1978 baba yake alifariki, akarudi Laois kulima shamba. Hakuniaga. Nilisikia kwa Magdalene.

Sasa kila Desemba Fintan humwandikia Magdalene kadi. Habari za ng'ombe, habari za mvua. Huwaulizia watoto wangu kwa majina, wote watatu, bila kumsahau hata mmoja; jina langu halimo. Magdalene hunisomea kadi yote hadi mwisho, kisha huikunja na kuirudisha kwenye bahasha, nami humshukuru na kushuka ngazi.