Kigae cha Akiba

Mwalimu wa hesabu alitupa kalamu mezani. Watoto hamsini wa darasani kwake hawajawahi kumtoa jasho kama mwanafunzi huyu mmoja, naye ni baba yake mzazi!

"Baba! Tatu x jumlisha tano y ni thelathini na moja. Namba nzima, si vipande. x ikiwa saba, y ni ngapi?"

"Mbili," mzee akajibu papo hapo, huku akisugua magoti.

"Sasa mbona umeandika tatu?"

"Ya akiba, mama. Moja ikivunjika je?"

Jamani! Mzee alikuwa fundi vigae miaka thelathini, na hakuna siku aliyopeleka kazini vigae kamili bila nyongeza. Sawa, sakafuni ni akili. Kwenye karatasi ya mtihani ni wazimu.

"y haivunjiki!" binti akafoka. "Haidondoki, haipasuki, haina kona!"

Mzee akacheka mpaka akakohoa, na hilo likazidi kumkera binti, maana la kuchekesha halikuwepo. Daktari alishasema magoti yale yamekwisha. Kampuni ilikubali kumpa usimamizi, kazi ya kusimama, akipata maksi kumi na tano kati ya ishirini kwenye mtihani wa hesabu. Alishafeli mara mbili, na hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Wiki nzima wakakabana koo na x na y, hadi mzee akaapa kwamba haongezi kitu.

Akapata kumi na nne.

Binti alikwenda mwenyewe kuomba karatasi. Maswali ya asilimia yalimwangusha mzee, hilo alilitegemea. Lakini x na y zote zilikuwa sahihi, moja baada ya nyingine, akajisikia fahari. Kisha akafika swali la mwisho. Boksi dogo lina vigae vitatu, kubwa vitano. Sakafu inahitaji vigae thelathini na moja, kisibaki hata kimoja. Maboksi mangapi ya kila aina? Jibu lilikuwa A, madogo saba na makubwa mawili. Mzee alizungushia C, manne na manne. Thelathini na mbili!

Binti alirudi nyumbani mbiombio. "Baba, umefanya nini? Si uliniapia?"

"Niliapa kuhusu x na y," mzee akasema. "Hapo wameandika vigae. Eti kisibaki hata kimoja! Sakafu ya watu, mwanangu. Kikipasuka kimoja mwakani, nitawaambia nini?"

Binti alitaka kupiga kelele. Alimkasirikia baba, akawakasirikia zaidi watunga mtihani ambao hawajawahi kubandika hata kigae kimoja maishani mwao. Lakini nje gari la kazini lilikuwa likipiga honi, na mzee alikuwa akihangaika kuinama afunge pedi za magoti, asizifikie.

Binti akapiga magoti, akamfungia moja, kisha ya pili.

"Usikaze sana," mzee akasema.

Akainuka kwa kushika bega la binti, na binti akausikia uzito wake wote.